Mteja Alipumzishwa

Bi Zena,

Kuna ripoti ya kurasa nne ambayo ndani yake wewe hukufa. Umeitwa Mteja Z, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, fundi cherehani, mwenye sukari na presha, mkazi wa Garsen. Siku moja, katikati ya mazoezi, Mteja Z analalamika. Mwalimu wake anasimamisha kila kitu, anamkalisha, anampigia simu binti yake, wanampeleka hospitali. Sentensi yenyewe inasema hivi: "Mteja alipumzishwa na kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa." Mwalimu huyo ni mimi. Ripoti niliiandika mimi, na ndiyo iliyonipa cheti.

Wa kwanza kuambiwa jambo hili alikuwa Mwanaidi, binti yako. Nitafika huko. Lakini niliyemwandika uongo ni wewe, kwa hiyo na barua ni yako, ingawa najua haina pa kupelekwa.

Nianze ulipokuja, nisije nikajipendelea.

Ulikuja asubuhi, mkoba kwapani na viatu mkononi, kwenye ule ukumbi wa nyuma ya duka la mbolea ninaouita jimu. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Yuko wapi huyo mwalimu wa kuruka?" Nikasema ni mimi. Ukanitazama toka kichwani hadi miguuni, ukasema, "Na wewe mwenyewe mbona huna nyama? Huo mwili umeuacha kwa nani?" Wanawake wote wakacheka, na mimi nikacheka, na kuanzia siku ile hukuniita Kadzo ila ukiwa na jambo la maana. Nilikuwa mwalimu wa kuruka.

Ulichosoma kwenye ubao pale nje ni maneno niliyoyaandika wiki mbili kabla: Mazoezi kwa wenye sukari na presha, Jumanne na Alhamisi. Wakati ule nilikuwa na cheti kimoja, cha kufundisha watu wasio na maradhi. Cha pili, kile cha kufundisha wenye sukari, presha, moyo, pumu na waliopata kiharusi, ndiyo kwanza nilikuwa nimejiandikisha. Masomo yalikuwa yanakuja kwenye simu. Somo la kwanza kabisa lilisema mteja mwenye maradhi asiguswe bila barua ya daktari, na mwalimu ambaye hajahitimu asimchukue. Nililisoma. Nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu kwenye daftari langu. Halafu nikachukua chaki.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kukuambia kwamba wagonjwa walikuwa wengi, kwamba mama zangu wa kwetu Minjila walikuwa wanakuja na miguu iliyovimba wananiuliza wafanye nini, na hayo ni kweli. Lakini kulikuwa na kina mama wawili watatu walioanza kuniita daktari, na mimi sikuwahi kuwakataza. Nilikuwa nikifika nyumbani nalirudia lile neno kimoyomoyo kama mtoto anayenyonya peremende ili isiishe upesi.

Wewe uliniuliza wazi, "Cheti unacho?" Nikasema, "Ninacho." Hukuuliza kipi. Mimi nilijua unauliza kipi.

Sijui kama unakumbuka siku ya ndoo. Ulikuwa umekaa kwenye benchi, umechoka kufunga kamba za viatu, ukaniita, "Kadzo, ndoo." Nikaenda nyuma nikakuletea ndoo, tena nikaisuuza kwanza. Ukaitazama ile ndoo, ukanitazama mimi, ukasema, "Sasa hii nifanyie nini, nioge?" Ndipo nikajua kwamba kwenu Kipini mtu akitaka kukwambia njoo husema ndoo. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kwa wiki nzima kina mama walikuwa wakiniambia ndoo kila nikipita.

Hilo liliniuma kidogo, sikukuonyesha. Kiswahili ndilo somo nililopata alama ya juu kuliko yote shuleni. Nyumbani tunasema Kigiriama. Babu alikuja kutoka kusini kulima hapa, na Kiswahili kwetu kilikuwa kitu cha kujifunza na kushinda nacho. Nilikuwa najivunia kwamba kwenye ukumbi ule, kati ya Wapokomo na Waorma na sisi, mimi ndiye niliyekuwa nakisema sawasawa. Ukaja wewe ukanisikiliza siku moja nikieleza namna ya kupasha mwili joto, ukasema, "Kiswahili chako kizuri, mwalimu. Kimepigwa pasi. Ila hakijavaliwa." Ilikuwa mzaha wa fundi nguo na niliupenda, hata nikauandika. Baada ya siku ya ndoo nikajiambia sasa nimekuelewa, nimeshajua Kipini wanasemaje. Nilikuwa na neno moja tu.

Sasa ile Jumanne.

Ulikuja kimya. Ulikuwa umetimiza mwaka tangu mumeo, Mzee Omari, afariki, na ulikuwa unapanga hitma yake baada ya harusi ya mpwa wako. Tulipokuwa tunanyosha mikono uliniambia kwamba bado kuna asubuhi unamimina chai vikombe viwili. Nilikusikiliza kwa makini sana. Najua kusikiliza, Bi Zena. Hilo ndilo watu wananisifia. Basi tukaanza kuzunguka ukumbi, magoti juu, na raundi ya tatu ukasimama dirishani. Mkono wako ulikuwa hapa, kwenye kishimo cha shingo, chini ya koo. Niliuona. Kwa muda mrefu nilijiambia sikuuona.

Ukasema, "Kadzo, roho yanikaba."

Na mimi nikasikia huzuni. Nikasikia mjane anayemkumbuka mumewe. Roho, kwangu mimi, ilikuwa ile ya kwenye mashairi na kanisani. Haikunipitia hata kidogo akilini kwamba unaniambia habari za mwili wako, mahali penyewe, na umepashika kwa vidole nipaone. Nikakujibu, na maneno haya nayakumbuka yote kwa sababu niliyapenda yalipokuwa yakinitoka: "Pole, Bi Zena. Huzuni haina haraka. Tembea nayo, roho itatulia."

Kisha, ili nionekane naijua kazi, nikakushika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo. Yalikuwa taratibu, yamepangika. Nikakwambia, "Moyo wako ni wa msichana." Ukatabasamu kidogo. Ukasema, "Msichana gani huyo wa kuchoka hivi?" Nikasema bado raundi mbili. Ukazimaliza. Wewe uliyekuwa hupangiwi na mtu, uliyekuwa ukibishana na mimi juu ya kila kitu hadi rangi ya mkeka, siku ile ulitii.

Baadaye nilisoma kwamba kuna vidonge vya presha vinavyoushika moyo usiende mbio hata unapohangaika, na kwamba kwa mtu anayevimeza kuhesabu mapigo hakukuambii neno. Vidonge vyako vilikuwa ndani ya mkoba wako, umevifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Nilikuwa nakiona kila siku. Sikuwahi kuuliza ni vya nini.

Ijumaa ulikwenda Kipini harusini. Jumamosi asubuhi ulikuwa umepiga magoti unaupima upindo wa gauni la mmoja wa wasichana, pini mdomoni, ukasema utajilaza kidogo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Nilifika Jumapili, wameshakuzika. Nilikaa mkekani na wanawake, nimejifunga leso ya kuazima. Mwanaidi akaja akanishika mkono, akawaambia, "Huyu ndiye mwalimu wa mama. Miezi hii ya mwisho mama alikuwa mwepesi kwa sababu yake." Kikongwe mmoja akasema, "Mungu akulipe, mwanangu." Nikasema amina. Nilisema kwa moyo wote. Nilirudi Garsen nikiwa na majonzi, na chini ya majonzi kulikuwa na kitu kingine ambacho sasa nakijua jina. Nilikuwa nimejiona mtu mwema.

Ilipita miezi minne. Tulikwenda Malindi kwa siku za vitendo, sisi wanafunzi wa kozi, na siku ya pili lilikuwa somo la moyo. Mkufunzi alitupanga duara akasema kila mmoja aeleze watu wa kwao wakiumwa na kifua husemaje, kwa maneno yao wenyewe. Mmoja akasema kwao ni kubanwa. Mwingine akasema kwao mtu hudhani ni kiungulia, ataomba magadi. Halafu akasema Salma, muuguzi kutoka Lamu, mama wa watoto watatu, mcheshi kama wewe. "Kwetu bibi hatasema kifua," akasema. "Atakwambia roho yamkaba. Ukingoja aseme kifua, utangoja mpaka umzike." Akaweka vidole viwili kwenye kishimo cha shingo.

Watu walicheka, kwa namna alivyolisema. Wakaandika. Mimi nilisema nakwenda kunawa uso, nikakaa chooni mpaka mtu akabisha hodi.

Sasa sikiliza nilichofanya. Ripoti ya mteja ilitakiwa Ijumaa ile ile. Nilikuwa nimeshakuchagua wewe tangu zamani, rekodi zako zote ninazo, uzito, sukari ya asubuhi, viatu ulivyokuja navyo. Nilikaa kwenye meza ya chumba cha wageni nikaandika vizuri mpaka nikafika siku ile. Nikaandika: Mteja alisema roho yamkaba. Mwalimu hakuelewa. Nikaisoma. Nikaikata kwa mistari mingi, nikageuza ukurasa, nikaandika ile nyingine. Mteja alipumzishwa. Ilinitoka kwa urahisi ambao bado unanitisha. Nilikupa hospitali. Nilikupa kitanda karibu na dirisha, nikakupa na daktari mwanamke, na Mwanaidi akiwa kando yako na chupa ya uji. Nilikurudisha darasani baada ya wiki sita, unatembea polepole. Hakuna aliyeniomba vitu hivyo vyote. Nilikuwa nalia nikiandika, na huku nachagua maneno.

Mkufunzi aliandika pembeni: Uamuzi mzuri, hivi ndivyo anavyofanya mwalimu makini. Aliisoma mbele ya darasa. Salma akanipiga begani akasema, "Bibi yako ana bahati, wallahi."

Cheti kilikuja Garsen kwenye bahasha ya kaki, kwa basi. Mama yangu alitaka kukitundika sebuleni Minjila karibu na kalenda ya kanisa. Nikamwambia kioo cha fremu hakijapatikana. Nilikitia kwenye sanduku la kamba za mazoezi, chini kabisa, na kila nilipotoa kamba nilikuwa naanzia za juu.

Mwanaidi alikuja Alhamisi moja baada ya darasa. Anatembea kama wewe, ule mguu wa kushoto unaotangulia kama unajaribu maji. Alikuwa na barua ya daktari. Amepatikana na presha, ameambiwa afanye mazoezi chini ya mtu anayejua. "Nimekuja kwako," akasema. "Mama hakuwa anamwamini mtu ovyo." Akauliza kama cheti nimepata. Nikasema nimepata.

Nikachukua fomu. Sasa nina fomu, Bi Zena, ya kurasa mbili, na naijaza kama inavyotakiwa. Jina, umri, vidonge, vya nini, tangu lini. Tukafika swali la tisa: kuna mtu katika familia aliyefariki ghafla au kwa maradhi ya moyo? Mwanaidi akafikiri. Akasema, "Baba alikuwa anaumwa mapafu. Mama hatujui, siku zake zilifika tu, hatukumpima. Andika hapana."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Niseme kitu ambacho si kizuri. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilitaka kuandika hapana. Lingekuwa neno lake, si langu. Angekuja Jumanne na Alhamisi, ningemwangalia kuliko nilivyomwangalia mtu yeyote, ningemlipa yeye deni lako na asijue analipwa. Nilishaanza kuona itakavyokuwa. Lakini daktari atakayemtibu ataisoma ile fomu, na yule aliyekaa mbele yangu ni mwanao, ana watoto, na damu yako ndiyo inayozunguka mwilini mwake. Kama nitakuandika hapana, nitakuwa nimekuandika uongo mara ya pili, na safari hii mtu anaweza kufa kwa ajili yake.

Nikaweka kalamu chini nikamwambia. Nilianza na ubao na chaki. Nikamwambia cheti gani nilikuwa nacho na kipi sikuwa nacho. Nikamwambia uliyosema na niliyokujibu, neno kwa neno, na zile raundi mbili. Nikamwambia na ripoti. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikilia atanibembeleza.

Aliuliza swali moja. "Alisema siku gani?"

Nikasema Jumanne.

"Jumanne," akasema. "Jumatano alinijia nyumbani, kaniletea sare za watoto. Kaja kwa miguu. Alikaa mpaka alasiri, tunaongea upuuzi tu." Akawa anaikunja barua ya daktari, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama hirizi. "Jumatano ningempeleka mimi mwenyewe."

Alisimama akachukua mkoba. Alipofika mlangoni akageuka. "Kule matangani nilikushika mkono mbele ya watu," akasema, na akatoka.

Siku ya tatu niliwaandikia barua wale wa chuo cha kozi, nikakiri yote. Walininyang'anya cheti, kama ilivyostahili. Nilikirudisha kwa bahasha ile ile. Wamesema naweza kufanya ripoti nyingine, kwa mteja mwingine, nikiwa chini ya mwalimu aliyehitimu, na isiwe kabla ya mwaka kuisha. Mkufunzi alinipigia simu mwenyewe. Nilitegemea hasira. Akasema, "Kadzo, ile sentensi uliyoikata. Ungeiacha, ungefaulu." Sijui kama ni kweli au alikuwa ananifariji. Kwa vyovyote ndilo neno linaloniamsha.

Niliufuta ubao. Niliwaambia kina mama darasani, wamesimama, jasho halijakauka. Wawili waliondoka bila kuaga na sijawaona tena. Mama Dhahabu wa Minjila, yule mwenye kicheko, akasema, "Sisi hatujawahi kuuliza cheti. Tulikuwa tunakuja kukimbia wajukuu." Wengine wakacheka. Mimi sikuweza, na nadhani walielewa, kwa sababu waliacha. Sasa nafundisha wazima tu. Wenye maradhi nawasindikiza kliniki wakaandikiwe barua, na kutoka hapo wanapangiwa mtu mwingine huko hospitali, na mimi narudi. Kina mama wakiwa nami njiani nawauliza wanasikia nini, na sitosheki na jibu. Nawaambia, niwekee mkono mahali penyewe. Muorma, Mpokomo, Mgiriama mwenzangu, hata kama neno nalijua. Hasa kama neno nalijua.

Mwanaidi hakurudi. Ila juzi alinitumia ujumbe wa sauti. Nilikaa nao nusu siku kabla ya kuufungua. Kulikuwa na kelele za watoto nyuma yake, na mtu anasonga ugali. Alisema amekwenda hospitali kubwa, amewaeleza habari zako zote kama nilivyomweleza mimi, wamempima moyo kwa ile mashine ya nyaya. Kuna kitu wamekiona, si kikubwa, kimewahiwa. Amebadilishiwa vidonge. "Lile swali wameniuliza tena," akasema. "Nimewaambia ndiyo." Nikadhani amekwisha, akasema, "Usinipigie, Kadzo."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Alivyolitaja jina langu, sikusikia kama ni hasira au uchovu.

Bi Zena, sikuombi msamaha. Nikikuomba, najua nitakutungia na jibu, na nitalitunga vizuri. Nimeshakutungia ya kutosha. Nenda na amani yako, wewe na Mzee Omari. Nakuahidi jambo moja dogo, ambalo ninaliweza. Sitampigia. Siku akipiga yeye, hata akipiga kunitukana, nitapokea na nitasikiliza mpaka akate.

Wako,
Kadzo